Bunduki ya Kulungu: Anzia Kwenye Mapafu, Duka Lije Mwisho

Kila ifikapo Oktoba, majani ya milima ya Pennsylvania hapa Marekani yakianza kugeuka rangi, simu yangu haitulii. Wengi wanaopiga ni vijana wetu wa Lancaster na Erie: Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu. Wamealikwa kuwinda na wenzao wa kazini, wamehudhuria darasa la usalama, leseni wanayo mfukoni, na sasa wanataka kujua wanunue bunduki gani. Swali lenyewe huja likiwa limeshafungwa pande mbili: "Kaka, nichukue .300 au 6.5?" yaani saizi mbili za risasi. Nami huwauliza mapafu ya kulungu yamekaa wapi.

Simtegi mtu. Naamini kabisa kwamba bunduki ya kuwindia huchaguliwa vizuri ikichaguliwa kinyumenyume. Unaanzia ndani ya mwili wa mnyama, unakuja kwenye kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka kumpiga mnyama, unapima umbali, unalipima bega lako, na mwisho kabisa ndipo unaingia dukani. Vijana wengi huanzia dukani, na muuzaji naye ana mzigo wa kumaliza.

Basi tuanze na mnyama. Kulungu wa huku, mwenye mkia mweupe anaouinua akikurupuka, si mnyama mkubwa. Dume aliyekomaa ana kilo 60 hadi 90, wengine hupita hapo, na jike ni mwepesi zaidi. Aliyekulia Tabora au Morogoro amfikirie swala pala dume aliyenenepa. Ngozi yake si nene, mbavu zake ni nyembamba, na nyuma ya mbavu hizo, juu kidogo ya mguu wa mbele, moyo na mapafu vimekaa katika duara la kama sentimita 20. Shabaha yako yote ni duara hilo. Kichwa hakilengwi, shingo hailengwi, na "popote palipoonekana" ndiyo mbaya kuliko zote.

Kichwa cha risasi kikipita mapafu yote mawili, kifua hujaa damu, nguvu ya damu mwilini huporomoka, na mnyama huanguka katika muda mfupi. Lakini anaweza kukimbia yadi 50, hata 100, moyo ukiwa umeshapasuka, kwa sababu ubongo bado una hewa ya kumtosha sekunde chache. Mgeni akimwona anakimbia hudhani amekosa, au hudhani risasi yake ni dhaifu, na mwaka unaofuata ananunua kubwa zaidi. Kumbe risasi ilishamaliza kazi. Kilichotakiwa ni kungoja nusu saa, kisha kufuata damu taratibu. Damu nyekundu angavu yenye povu imetoka mapafuni. Damu nzito, nyeusinyeusi, ni ya ini. Ukikuta majani yaliyotafunwa na harufu ya tumbo, rudi ukae. Huyo anahitaji saa sita, nane, au zaidi kabla ya kufuatwa. Ukimfuata mapema atanyanyuka na maumivu yake na hutamwona tena.

Na jeraha la tumbo halirekebishwi na ukubwa wa risasi. Chukua vipimo: kichwa cha .243 Winchester kina kipenyo cha milimita 6.17. Cha .308 na .30-06 kina milimita 7.82. Tofauti ni milimita 1.65. Mtu aliyekosa mapafu kwa sentimita 15 haokolewi na milimita moja na ushee.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wa jambo hili katika historia yetu wenyewe, na ni historia inayouma. Mskoti Walter Bell, aliyepewa jina la Karamojo kutokana na Karamoja ya kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20 akitafuta pembe. Wengi aliwaua kwa .275 Rigby, jina la Kiingereza la risasi ya 7x57 ya Mauser iliyotoka mwaka 1892. Hiyo ni risasi ndogo ambayo leo watu huitumia kwa swala. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa, akijua akiwa mbele, akiwa ubavuni, akiwa nyuma. Siisifu kazi ile; makundi yale yaliyofyekwa kwa ajili ya pembe ni hasara ambayo nchi zetu hazikulipwa. Wala hakuna wa kumwiga leo: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania, inayoruhusu kwa leseni, inadai .375 na kuendelea kwa wanyama hatari. Lakini kama risasi ya milimita saba ilimwangusha tembo kwa sababu mpigaji aliujua mwili wa mnyama, kulungu wa kilo 70 hahitaji mzinga.

Sasa kichwa cha risasi, ambacho kwangu kina uzito kuliko jina lililochongwa kwenye mtutu. Risasi ya kijeshi iliyofunikwa shaba kote hupita mwilini bila kutanuka na kuacha tundu jembamba. Mnyama anakwenda kufa mbali. Ndiyo maana Pennsylvania na majimbo mengi yanadai kichwa kinachotanuka. Kile cha kawaida ni madini laini ya risasi ndani ya koti la shaba, ncha ikiwa wazi. Remington wamekuwa wakiuza cha aina hiyo, Core-Lokt, tangu 1939, na hadi leo ni bei nafuu na kinatosha kwa kulungu. Mwaka 1948 John Nosler alianza kuuza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele itanuke na nusu ya nyuma iendelee kuchimba. Alikibuni baada ya vichwa vyake kushindwa kupenya mwili wa moose, yule kulungu mkubwa wa Kanada. Kisha mwaka 1989 Barnes wakaleta cha shaba tupu, kisicho na madini ya risasi ndani kabisa.

Hicho cha shaba nakipenda kwa sababu ya watoto. Mwaka 2008 huko North Dakota, nyama ya kusaga iliyotolewa msaada na wawindaji ilipigwa picha za eksirei, zikaonekana chembe za madini ya risasi ndani yake, ndogo mno hata ulimi hauzisikii. Sumu ya risasi haina kiasi salama kwa ubongo wa mtoto. Wawindaji wengi wa huku wamekula nyama hiyo maisha yao yote na hawataki kusikia habari hii. Lakini ukiwa na mtoto wa miaka mitatu nyumbani, dola 10 au 15 za ziada kwa sanduku la risasi 20 si pesa ya kubishania. Ukiamua kubaki na zile za kawaida, kata nyama mbali na jeraha, kwa ukarimu, na iliyojeruhiwa usiisage.

Kwa ndugu zangu Waislamu kuna swali jingine lililo zito kuliko kaliba, yaani saizi ya risasi: masheikh wamehitilafiana kuhusu mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa. Muulize sheikh unayemwamini kabla ya kulipa pesa dukani. Jibu lake linaweza kubadili namna utakavyowinda, au kama utawinda.

Tukija kwenye umbali, Pennsylvania ni nchi ya misitu. Katika vilima vya kaskazini, ukikaa juu ya ulingo kati ya mialoni, mara nyingi huoni zaidi ya yadi 80, na yadi 100 ni mita 91 tu. Msitu hufunguka kwenye njia za nguzo za umeme, kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na kwenye miteremko iliyokatwa miti. Hapo utamwona kulungu akivuka yadi 150, 200, mara chache 250. Umbali wa kupigia huku ndio huo. Video za watu wanaopiga yadi 600 zimerekodiwa katika nyika za magharibi, na hata huko nafikiri mnyama hai hastahili kuwa kipimo cha ufundi wa mtu. Kichwa cha risasi kinachukua karibu sekunde moja kufika yadi 600. Ndani ya muda huo kulungu anapiga hatua.

Jimbo la Colorado limeweka kiwango chake cha chini kwa kulungu kwenye sheria, nami hukitumia kama rula hata nikiwa mbali nako: kipenyo cha .24 kwenda juu, kichwa cha greni 70 au zaidi (greni ni kipimo cha uzito wake), na nguvu ya futi-pauni 1,000, yaani juli 1,356, ikipimwa yadi 100. Ukiishika rula hiyo utaona mambo mawili. La kwanza, karibu kila risasi inayouzwa kwa jina la kulungu inapita bila shida. La pili, ile kongwe ya .30-30 inapita yadi 100, lakini ikifika 200, kwa kichwa cha kawaida cha greni 150, imeshuka chini ya hiyo elfu.

Hiyo .30-30 siwezi kuipita kimya. Ilitoka mwaka 1895 kwa bunduki ya Winchester ya wenzo, ile inayokokiwa kwa kusukuma na kurudisha mkono wa chuma chini ya kitako, na mwaka huohuo Pennsylvania ikaunda tume yake ya wanyamapori, kwa sababu kulungu walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1906 tume ilianza kununua kulungu kutoka majimbo mengine na kuwaachia msituni. Leo wawindaji wa jimbo hili wanavuna zaidi ya kulungu laki nne kwa msimu, na bado wako tele, wanakula hadi maua ya mbele ya nyumba. Najua wazee wa huku ambao hawajawahi kushika bunduki nyingine zaidi ya hiyo ya wenzo. Ni nyembamba, nyepesi, haikwami kwenye matawi, na ndani ya yadi 125 haimpungukii kulungu kitu. Ukiwa utawinda msituni tu, inunue kwa moyo mweupe. Jua mambo mawili: risasi zake hupangwa kwenye mrija, ncha ya moja ikigusa fataki ya nyingine, kile kidude kinachowasha baruti, kwa hiyo ni marufuku kutia zenye ncha ngumu iliyochongoka, na ukirekebisha shabaha ipige sawasawa kwenye yadi 100, ikifika 200 imeshuka kama sentimita 20. Umeshatoka nje ya duara.

Zile zinazofika yadi 200 bila hesabu nyingi ni jamii moja kwa kweli. .308 Winchester ya 1952 ndiyo mama. Winchester wakaibana shingo ya ganda mwaka 1955 ikazaa .243, Remington wakaibana kidogo mwaka 1980 ikazaa 7mm-08, ambayo kwa kazi yake ni ileile 7x57 ya Bell katika ganda fupi la kisasa. Pembeni yupo mjomba, .30-06 ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, na mtoto wake .270 wa mwaka 1925. Na tangu 2007 yupo 6.5 Creedmoor, iliyobuniwa kwa mashindano ya shabaha na sasa imejaa kila duka.

Ukirekebisha .308 ya greni 150 yadi 200, inapita juu ya mstari kwa sentimita 5 hivi kwenye yadi 100, na hadi yadi 225 bado imo ndani ya duara la mapafu ukilenga katikati. Hizo nyingine zinafanya karibu hivyohivyo; .270 imenyooka zaidi kidogo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma .308 kama sentimita 8 kwenye yadi 200. Hizo Creedmoor husukumwa kama theluthi mbili ya hapo, na hii ndiyo sifa yao wanayoimbiwa. Ni sifa ya kweli, lakini inaanza kuwa na maana mbali kuliko mahali ambapo mgeni anapaswa kupiga. Kwa hiyo kijana akiniambia 6.5 Creedmoor, simkatishi tamaa; ni risasi pole kwa bega na inapatikana. Asiinunue tu akidhani ameongezewa umbali.

Sasa bega. Hapa ndipo wengi wanapopotelea, na ni watu wenye nguvu ndio hasa wanaopotea.

Kila bunduki humsukuma mpigaji wake. Katika bunduki ya kilo tatu na nusu, .243 humsukuma kwa takribani juli 12. 7mm-08 na 6.5 Creedmoor, 16 au 17; .308, 22 hivi; .30-06, karibu 27, na .300 Winchester Magnum, 35 au zaidi. Hiyo ya mwisho ni karibu mara tatu ya ya kwanza. Mwili hauna habari na ushujaa wako. Baada ya mishindo michache, mishipa inajifunza kwamba kuvuta kifyatulio ni kujiletea kipigo, na inaanza kujikaza kitambo kidogo sana kabla. Jicho linafumba, bega linasogea mbele, mkono unakunjika kwa ghafla. Mpigaji mwenyewe hajui.

Kijana mmoja wa Erie, mtu wa Uvira, mwenye mabega ya kubeba magunia, alikuwa na .300 Magnum na alikuwa anailaumu darubini. Tulikwenda uwanja wa shabaha. Nikawa namjazia bunduki mimi mwenyewe, yeye akiangalia pembeni, na katika risasi za kweli nikachanganya bandia zisizo na baruti. Ilipofika ya bandia, kifyatulio kikalia "ta" na mtutu ukachomeka chini kwa kiganja kizima. Alinitazama, akatazama bunduki, hakusema kitu. Tukamkabidhi 7mm-08 ya rafiki, tukaanza na risasi bandia tupu, tukaingiza za kweli mojamoja. Jioni ile alikuwa anaweka risasi kwenye sahani ya karatasi yadi 100 akiwa amekaa chini, si mezani. Ile Magnum aliiuza mwezi huohuo, na pesa iliyobaki akanunua .22.

Hiyo .22 ndogo ndiyo ushauri wangu wa pili kwa kila mtu. Risasi yake moja ni senti 10 hivi, wakati ya kulungu ni dola moja na nusu au mbili na zaidi. Mikono, pumzi, kifyatulio, vyote vinafundishwa na .22 bila bega kuogopa. Na uvae vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, daima. Mlio wa bunduki ya kulungu hupita desibeli 150, na sikio huanza kuharibika kwa mlio mmoja wa 140. Sikio likishakufa halirudi.

Umeona kwamba hatujafika dukani bado, na tayari tumeshachuja karibu kila kitu. Dukani penyewe pana mambo machache.

Pennsylvania hairuhusu bunduki za nusu otomatiki kwa kulungu, basi hizo ziache. Zimebaki za bolti, yaani za komeo la kuvuta na kusukuma kwa mkono, za wenzo, na za kusukuma kwa mkono wa mbele. Hizi za kusukuma zina wapenzi wengi katika jimbo hili. Remington 760 ya mwaka 1952 utaikuta kwenye kambi nyingi za milimani. Kwa anayeanza nasema bolti. Ni rahisi kuifungua na kuthibitisha kwa macho na kidole kwamba haina risasi, ni rahisi kuisafisha, na bei yake ndiyo iliyoshuka kuliko zote: Ruger American au Savage Axis, kati ya dola 400 na 600, hupiga sawasawa na bunduki ambazo zamani zilikuwa za matajiri. Ikiweka risasi tatu ndani ya sentimita 5 kwenye yadi 100, ndani ya 200 ni sentimita 10, na duara ni 20. Imetosha. Pesa ya kutafuta sentimita 2 ipeleke kwenye risasi za mazoezi.

Bunduki kuufaa mwili wako ni jambo la kupewa muda mrefu kuliko kaliba. Funga macho, ipandishe begani, weka shavu kwenye kitako, kisha fumbua macho. Kama jicho lako limeangukia katikati ya darubini bila kuinua au kuteremsha kichwa, bunduki hiyo ni ya kwako. Kama unanyoosha shingo kuitafuta picha, kitako ni kirefu. Dada zetu na vijana wafupi huuziwa bunduki za kitako cha mtu wa futi sita, kisha wanaambiwa hawajui kupiga. Zipo zenye kitako kifupi, na zipo ambazo kitako chake huongezwa vipande mtoto akikua. Na ifanyie jaribio hilo ukiwa umevaa jaketi la Desemba, maana ndilo utakalokuwa nalo.

Darubini ya kukuza mara 2 hadi 7 au 3 hadi 9 inatosha kabisa. Ukiwa msituni iweke chini, 2 au 3. Kulungu akitokea yadi 30 na darubini iko 9, utaona manyoya tu, hujui ni bega au paja. Ni heri bunduki ya dola 400 na darubini ya 250 yenye vishikio imara kuliko kinyume chake.

Sheria nizitaje kwa haraka, na kanuni za mwaka husika ni lazima uzisome mwenyewe kwa sababu hubadilika. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu anaweza kununua bunduki kwa sheria ya shirikisho. Mwenye viza ya muda kwa kawaida hawezi, ingawa kuna msamaha fulani kwa wenye leseni ya uwindaji. Usikisie. Mwone wakili wa uhamiaji kwanza, kwa kuwa kosa la silaha kwa asiye raia linaweza kumrudisha mtu alikotoka. Fomu ya dukani ijaze kwa ukweli mtupu. Kuzunguka Philadelphia na katika kaunti ya Pittsburgh, bunduki hizi za rifle hazijaruhusiwa kwa kulungu kwa sababu ya wingi wa watu. Huko ni shotigani au gobore. Kotekote, usipige ndani ya yadi 150 kutoka nyumba inayokaliwa bila idhini ya wenyewe, vaa rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni, na usiingie garini na bunduki iliyojaa.

Na nyumbani, kabati la chuma linalofungwa, risasi mahali pengine penye kufuli yake. Nyumba zetu hazina mlango uliofungwa: watoto wa jirani wanaingia, wapwa wanalala sebuleni, wageni wa harusi wanajaa kila chumba. Ni jambo zuri katika maisha yetu ugenini, na ndilo linalonifanya niseme hivi: kama pesa ya kabati haijapatikana, pesa ya bunduki haijapatikana.

Ukitaka nikutajie moja, nataja 7mm-08 katika bunduki ya bolti ya kilo tatu na nusu hivi, kichwa cha greni 140 au cha shaba cha greni 120 hivi, darubini ya 2 hadi 7. Inamfaa mtu mzima, inamfaa mke wake, na binti akifika umri ataishika bila kuichukia. Ukikosa risasi zake katika duka la kijijini kwenu, chukua .308, kwa sababu hiyo haikosekani popote, na uchague kichwa chepesi. Mwembamba sana au mwoga wa kishindo achukue .243, ila avumilie kungoja mnyama asimame ubavu kabisa. Mwenye .30-06 ya kurithi au ya bei ya kutupa asiiuze.

Msimu wa bunduki siku hizi hufunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba. Wiki moja kabla yake, nenda uwanjani na sanduku lilelile la risasi utakalokwenda nalo porini, kwa sababu kila aina hupiga mahali pake. Piga tatu kutoka mezani ujue darubini haijasogea. Kisha ondoka mezani. Keti chini, piga goti, egemea nguzo, jinsi utakavyokuwa msituni, na upige tano kwenye sahani ya karatasi ya sentimita 20. Rudi nyuma kidogo, piga tano nyingine. Umbali wa mwisho ambao zote tano zimeingia ndio wako mwaka huu, hata ukiwa yadi 90. Uandike kwenye kipande cha plasta uubandike kwenye kitako, mahali jicho linapouona, na kulungu aliyesimama mbali kuliko hapo mwache apite.